Mbwa yuko kwenye sindano za kansa: jinsi ya kumpa virutubisho bila kuharibu tiba

Ukianza tu kumpeleka mbwa wako kwenye sindano za kansa hapa Tanga, mtaa mzima unageuka daktari. Huyu anakwambia mpe habbasoda, yule anasema manjano na asali, mwingine ana shemeji yake anauza kapsuli za uyoga WhatsApp, ukienda Deep Sea kununua samaki muuzaji naye anakwambia mnyweshe mafuta ya papa uone. Wote wana nia njema, wote wanamuonea huruma mbwa, na wote wanaweza kukuharibia tiba. Sisemi virutubisho havina maana, vina maana sana tu, ila vina kazi yake: kumfanya mbwa aendelee kula, asikonde, damu isishuke, ili sindano ya wiki ijayo imkute bado ana nguvu. Kansa inapigwa na sindano. Ukilishika hilo hutasumbuka kujua kipi umpe na kipi umrudishie shemeji.

Kwanza ujue mbwa ana kansa gani, maana ushauri unabadilika. Kwa mbwa wetu wa huku, wanaozurura usiku Makorora mpaka Sahare, inayoonekana sana ni ile ya sehemu za siri, madaktari wanaiita TVT. Uvimbe mwekundu unaofanana na koliflawa, unavuja damu damu, na inaambukizwa kwa kupandana, kulambana na kunusana, seli zenyewe za kansa zinahama kutoka mbwa huyu kwenda yule. Habari nzuri ni kwamba inasikia dawa mno. Vinkristini kwenye mshipa mara moja kwa wiki, wengi wanamaliza kwa sindano nne mpaka sita, wengine wanafika nane, na mbwa wengi sana wanapona kabisa bila kisu. Kwaiyo mbwa wa TVT hahitaji miujiza ya kapsuli, anahitaji asikose sindano. Limfoma, ile ya mitoki kuvimba shingoni na nyuma ya magoti, ni ngoma nyingine, pale wanachanganya dawa kadhaa, prednisoloni, saiklofosfamaidi, doksorubisini, tiba inakwenda miezi, na ukiwa Tanga mara nyingi utashauriwa ufike hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro. Huko kwenye dawa nyingi ndo kirutubisho kimoja cha ovyo kinaweza kugongana na vitu vitatu kwa mpigo.

Hebu niseme kitu kuhusu vinkristini hapo hapo maana nimesikia watu wakiligusa. Dawa hii inatoka kwenye ua, lile dogo la waridi au jeupe lenye petali tano, asili yake Madagaska, limejaa kwenye nyua zetu na linaota hata kwenye mchanga karibu na bahari. Inatumika hospitalini tangu miaka ya 1960. Sasa mtu akishajua hivyo anasema kwanini nilipe hela, si nichemshe majani nimnyweshe. USIFANYE. Ua lile lina kemikali nyingi, zenye sumu, na dawa yenyewe imo kwa kiasi kidogo mno, kiwandani wanahitaji majani mengi sana kupata gramu moja. Ile ya kwenye kichupa imepimwa na inaingia mshipani tu, ikivuja tone nje ya mshipa inaozesha nyama ya mguu. Mbwa akinywa majani yaliyochemshwa anapata sumu, kansa haiguswi.

Haya, twende kwenye kufanya.

Kabla hujanunua chochote nunua daftari. Andika kila kinachoingia mdomoni na mwilini mwa mbwa, yani kila kitu: chakula, dawa ya minyoo, sindano ya upele, dawa ya kupe, vidonge vya maumivu alivyopewa na mlinzi, maji ya mwarobaini aliyonyweshwa na bibi. Kama kitu kina lebo ipige picha pande zote mbili, upande wa nyuma ndo wenye maana. Daftari hilo linakwenda na wewe kila siku ya sindano na unamwonyesha daktari KABLA hajachoma. Mpe salamu yake, shikamoo dokta, marahaba, alafu mpe daftari, usisubiri akuulize, madaktari wetu wana foleni ya ng'ombe na kuku nyuma yako. Ile sindano ya upele inayoitwa ivermektini naitaja makusudi. Kuna mbwa wenye hitilafu ya kurithi kwenye jeni inayoitwa MDR1, hasa aina ya collie, na baadhi ya German shepherd na machotara wao wanayo pia. Kwa hao ivermektini na vinkristini zote zinawakaa mwilini vibaya. Kama mbwa wako ana damu hiyo sema, dozi itapangwa upya.

Cha pili, pima uzito. Panda kwenye mzani umembeba, shuka, panda peke yako, toa. Mbwa mkubwa mpeleke kwenye mzani wa duka la nafaka, watu watacheka, waache wacheke. Dozi ya sindano inatokana na uzito, dozi ya kirutubisho inatokana na uzito, na uzito ukishuka ndo habari ya kwanza kwamba chakula hakitoshi. Pima kila wiki siku ile ile.

Cha tatu, kupe. Hapa nitakaa kidogo maana ni jambo la pwani hasa. Joto letu na unyevu wetu kupe hawalali mwaka mzima, na kupe wa mbwa wanaleta erlikia na babesia. Erlikia inashusha chembe za kugandisha damu, babesia inavunja damu yenyewe, na erlikia inaweza hata kuvimbisha mitoki mtu akadhani limfoma. Sasa fikiria mbwa fizi zimekuwa nyeupe katikati ya sindano, mwenyewe anasema kansa imekula damu, anakimbilia duka la dawa anachukua vidonge vya kuongeza damu vya wajawazito, anampa viwili viwili. Chuma kikizidi ni sumu kwa mbwa, kinachoma tumbo na kuua ini, na tatizo lenyewe lilikuwa kupe! Mwambie daktari aangalie damu kwenye hadubini kabla ya tiba kuanza na kila fizi zinapopauka. Vidonge vya chuma mpe tu kama vipimo vimeonyesha chuma kimepungua. Uvimbe wa TVT ukivuja damu muda mrefu inaweza kutokea, ila kipimo kiseme, usiseme wewe.

Sasa virutubisho vyenyewe. Sheria yangu ni kimoja kwa wakati, na kamwe usianze kitu kipya wiki ile ya sindano ya kwanza. Sababu ni rahisi: vinkristini yenyewe inaweza kuleta kutapika, kukosa hamu, choo kigumu au kuharisha. Ukiwa umeanzisha vitu vitatu siku hiyo hiyo utajuaje nani kaleta nini? Sindano ya kwanza ipite, uone mwili wake unaichukuaje, alafu ndo uongeze kimoja kwa robo ya dozi, ukipandisha kidogo kidogo.

Kama unaweza kununua kimoja tu, mi naona kiwe mafuta ya samaki, yale yenye omega 3. Hayo angalau yana utafiti wa mbwa wenyewe. Mwaka 2000 Gregory Ogilvie na wenzake kule Marekani walitoa matokeo ya mbwa 32 wenye limfoma, wote wakipewa doksorubisini, wengine wakaongezewa mafuta ya samaki na arginini kwenye chakula, wengine mafuta ya soya. Kwa wale wa hatua ya tatu, kadiri DHA, moja ya omega 3 za samaki, ilivyopanda kwenye damu ndivyo walivyokaa muda mrefu zaidi kabla ugonjwa haujarudi. Soma tena sentensi hiyo, wote walikuwa kwenye kemo, yani dawa za kansa. Mafuta yalisaidia tiba, hayakuwa tiba.

Kuhesabu dozi watu wanakosea kwa sababu wanasoma mbele ya kopo. Mbele imeandikwa 1000 mg, hiyo ni mafuta yote. Geuza nyuma utafute EPA na DHA, ndo omega 3 zenyewe, kapsuli nyingi za kawaida zina EPA 180 na DHA 120, jumla 300 tu. Kiwango kinachotajwa sana kwa mbwa ni miligramu 50 mpaka 100 za EPA na DHA zikijumlishwa, kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mbwa wa kilo 20 kwa kiwango cha chini anahitaji 1000, ambayo ni kama kapsuli tatu za aina hiyo. Anza na moja kwa siku kadhaa, choo kikiwa sawa ongeza, kikilainika rudi nyuma. Mpe na chakula. Mbwa aliyewahi kuumwa kongosho asipewe bila daktari. Kama kuna upasuaji unakuja acha wiki moja mpaka mbili kabla, kwa sababu mafuta haya yanapunguza kuganda kwa damu, na ndo maana kama chembe za kugandisha ziko chini kwa sababu ya erlikia au kemo usisubiri upasuaji, acha mara moja. Alafu joto la Tanga jamani, hasa kipindi cha kaskazi, kopo likikaa dirishani mafuta yanachacha. Weka kwenye friji, toboa moja unuse, ikinuka kama samaki aliyeoza tupa kopo zima.

Na yale mafuta ya papa ya muuza samaki? Hayo ndo sifa, mafuta ya ini la papa yanayopakwa kwenye majahazi, hayamfai mbwa hata kidogo. Mafuta ya ini la samaki, la papa au la cod, yana vitamini A na D nyingi kupita kiasi, zinajikusanya mwilini hazitoki kwa mkojo, D ikizidi inapandisha kalsiamu na kuua figo. Mafuta ya mwili wa samaki na mafuta ya ini la samaki ni vitu viwili tofauti, lebo ikisema ini, rudisha.

Hela ya kapsuli hamna? Nunua vibua. Ni samaki wa mafuta, wapo kila siku, chemsha bila chumvi wala kitunguu, toa miiba yote, mpe na maji yake. Wala sio mbadala wa kubahatisha, anapata protini na omega kwa pamoja. Ukipewa mabaki ya samaki mchanganyiko chambua kwanza hakikisha hamna bunju, huyo anaua mbwa mzima sembuse mgonjwa.

Chakula ndo kirutubisho kikubwa kuliko vyote na ndo kinachodharauliwa. Mbwa wetu wengi wanakula ugali na kichwa cha dagaa, siku za uzima inatosha kusukuma maisha ila kwenye kemo hapana, misuli inaisha. Ongeza mayai ya kuchemsha, mapupu, utumbo uliooshwa na kupikwa, vibua, ini kipande kidogo mara moja mbili kwa wiki (ini likizidi ni vitamini A tena). Kila kitu kipikwe. Najua kuna wanaosema mbwa ni mnyama wa nyama mbichi, sawa, lakini siku kinga imeshuka bakteria wa nyama mbichi ya buchani wanaweza kuingia kwenye damu. Akikosa hamu pasha chakula kiwe vuguvugu kitoe harufu, mpe kidogo kidogo mara nne badala ya sahani moja jioni, mlishe kwa mkono, kaa naye. Dagaa wakavu loweka umwage maji kwanza kupunguza chumvi. Na maji safi muda wote. Kwa mbwa wa saiklofosfamaidi hili ni la lazima, dawa ile inachoma kibofu ikikaa, kwaiyo anywe na atolewe nje akojoe mara nyingi, usimfungie bandani usiku kucha.

Mlonge naruhusu kwangu, majani tu, makavu, yaliyosagwa, bana kidogo kwa vidole juu ya chakula, kama mboga. Mizizi na magome hapana, yana sumu. Na hata majani siweki siku ya sindano.

Hapa sasa nakuja kwenye vile ambavyo watu watanikasirikia.

Manjano na pilipili manga. Tuna bahati ya viungo vya Amani na Muheza, vinanukia mpaka barabarani, na mapishi ya "manjano, pilipili manga na mafuta ya nazi" yamezagaa kila mahali kama dawa ya kansa ya mbwa. Shida iko hivi. Pilipili manga ina piperini ambayo inawekwa pale makusudi kuzuia mwili usivunje manjano haraka. Lakini njia hiyo hiyo ya ini na pampu zile zile za seli ndo zinazoondoa vinkristini! Ukiziba mlango kwa ajili ya manjano umeuziba na kwa sindano, dawa inakaa ndani muda mrefu kuliko daktari alivyopiga hesabu, na mbwa anaanza kulegea miguu, choo kinagoma, kinga inaporomoka. Manjano nayo inapunguza kuganda kwa damu. Kwaiyo kwenye wiki za sindano iache, ya kupaka wali wako endelea. Habbasoda hivyo hivyo, maabara imeonyesha kwamba inagusa vimeng'enya vya ini, tuiheshimu kwa watu wanaoitumia lakini mbwa wa kemo mwache. Na dawa za fangasi za vidonge kama ketokonazoli na itrakonazoli zinafanya kosa lile lile kwa nguvu zaidi, hizo usimpe bila daktari kujua kuna vinkristini.

Vitamini C na E za dozi kubwa. Mbwa anajitengenezea C mwenyewe kwenye ini, si kama sisi. Hofu ya wataalamu wa kansa ni kwamba kemo kadhaa, na mionzi, zinaua seli kwa kuzichoma kwa oksijeni kali, sasa ukijaza mwili vizuia uchomaji unaweza kuwa unailinda kansa. Iliyomo kwenye chakula haina neno. Kopo la 1000 mg waachie watu.

Kitunguu saumu, hata kama ni "dawa ya damu", kinavunja chembe nyekundu za mbwa, kitunguu maji pia. Zabibu kavu zinaua figo. Shubiri inaharisha. Sharubati na vidonge tamu vya vitamini vya watoto soma lebo, ukiona neno xylitol tupa, inashusha sukari ya mbwa haraka, mara nyingi ndani ya saa moja, na kuua ini. Diklofenaki na ibuprofeni ni hatari zenyewe, zikikutana na prednisoloni tumbo linatoboka. Bangi, mbali na kwamba ni kosa kisheria, inamlevya mbwa mpaka kupoteza fahamu.

Uyoga wa kapsuli, ule wa mkia wa bata mzinga, ulipata jina kwa utafiti mdogo wa Pennsylvania mwaka 2012, mbwa 15 wenye kansa ya mishipa ya damu. Ulipofanywa mkubwa zaidi, matokeo yake yakatoka 2022, kuuongeza juu ya doksorubisini hakukuonyesha faida ya kuishi zaidi. Bei yake hiyo unalipia sindano mbili na nauli.

Ratiba yenyewe iko hivi. Siku moja kabla ya sindano na siku mbili baada, chakula na maji tu, nyongeza zote pembeni, mafuta ya samaki yakiwa tayari yamemzoea unaweza kuuliza daktari kama yaendelee. Siku tatu za mwanzo vaa glavu ukiosha mkojo, kinyesi na matapishi, mwaga maji mengi, watoto na mama mjamzito wasiguse. Kwa vinkristini, kuanzia siku ya nne mpaka ya saba hivi chembe nyeupe ziko chini kabisa, hapo ndo unakuwa macho. Nunua kipimajoto cha bei rahisi, paka mafuta kidogo, ingiza nyuma, pima jioni akiwa kivulini amepumzika kwa sababu mchana wetu unadanganya. Kawaida ni 38 mpaka 39.2. Ikifika 39.5 na amenyong'onyea mpigie daktari usiku huo huo, usijaribu panadol wala majani. Vilevile kama ametapika zaidi ya mara tatu, amekataa chakula siku nzima na nusu, anachechemea kwa miguu ya nyuma, fizi nyeupe, damu puani, au sehemu iliyochomwa imevimba na kuwa nyekundu. Ukipiga simu taja na virutubisho vyote, soma kutoka kwenye daftari.

Damu ipimwe kabla ya kila sindano pale inapowezekana. Daktari akisema chembe ziko chini tusogeze wiki, usiende kutafuta cha kupandisha haraka haraka mtaani, zinapanda zenyewe kwa siku chache akila vizuri, na kuchelewa siku hizo ni salama kuliko kuchoma juu ya mwili mtupu.

TVT ikishayeyuka daktari kwa kawaida anahakikisha haionekani kabisa ndo anasimamisha. Hapo vitu vya nyongeza viache vyote isipokuwa chakula kizuri, na mafuta ya samaki ukitaka. Mfunge uzazi, dume au jike, na geti lifungwe usiku maana akirudi mtaani anaweza kuambukizwa tena. Kila mwisho wa mwezi mlaze, mwinue mkia, angalia sehemu za siri, pua na mdomo kama kuna kidonda au damu, na uandike tarehe kwenye lile daftari.